Mshuko: Istilahi kwa Msafiri wa Merikebu Aliyefuatana na Mzazi

Merikebu za anasa, ambazo hazichukui abiria kwa muradi wa kuwafikisha mahali fulani bali huwazungusha bandari baada ya bandari na aghalabu kuwarejesha pale pale walipopandia, zina jambo moja ambalo Wafaransa huliita excursion à terre na Waingereza huliita shore excursion, nalo ni ile safari fupi ya saa chache ambayo abiria, chombo kikiwa kimetia nanga au kimefungwa gatini, huteremka kwenda kutazama mji, msitu, magofu au soko, kisha hurudi chomboni kabla ya nanga kung'olewa. Jambo hili halijatulia katika jina moja la Kiswahili. Mmoja ataliita matembezi ya pwani, wa pili ataliita ziara ya ufukweni, wa tatu atasema utalii wa bandarini. Na kila jina kati ya hayo lina ila yake.

Msomaji wa Kasongo au wa Kabambare ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, sisi wa kusini mwa Maniema, ambao bahari iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,000, tuna haja gani na istilahi ya merikebu za anasa. Jibu limo katika simu za watoto wetu. Wako waliokwenda Ubelgiji, Ufaransa na Kanada, wakachuma, wakatulia, na baadhi yao hupenda kumfanyia mama au baba ihsani ya kumsafirisha angali hai na ana macho ya kuona, basi hutuma orodha iliyoandikwa kwa Kifaransa, kila bandari na safari zake kadha wa kadha za kuchagua, na mzee aliyezoea Kiswahili chake cha Kasongo hukaa nayo barazani pamoja na mjukuu, wakafasiri neno kwa neno, na mwisho wake mzee husema: "Wachague wenyewe, mimi nitafuata." Kauli hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, kwa kuwa mzee husema hivyo si kwa kuwa hana la kuchagua, ila hakuelezwa kinachochaguliwa.

Nianze na ila za majina hayo. Matembezi yatokana na kutembea, na mtu wa mwambao alisikiapo hufahamu mwendo wa pole wa jioni, wa kupunga hewa. Kwetu, katika Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, kutembea ni neno pana zaidi, kwani mtu aliyekwenda Kindu kwa pikipiki akakaa kwa shemeji zake mwezi mzima, huyo naye ametembea. Kwa hiyo mama wa Kasongo akisomewa matembezi atadhani ama ni kwenda kwa miguu, ama ni kwenda kulala ugenini, na yote mawili siyo. Pwani nayo ni pale maji yanapokupwa na kujaa, na chombo kilichofunga Kigoma au Kalemie kimefunga katika maji yasiyojua kupwa wala kujaa. Ufukwe hutia akilini mchanga na watu waogao. Ama ziara, hilo ni neno lenye daraja yake: Waislamu wetu huzuru makaburi ya masheikh, na daktari huzuru wagonjwa, na sioni vema daraja hiyo ishushwe hata kwa mtu aliyekwenda kutazama kobe.

Mimi nachagua mshuko, wingi wake mishuko. Neno hili si la kubuni. Watu wa mwambao walilitumia tangu zamani kwa ule wakati ambapo jamaa hutoka msikitini baada ya swala, wakasema mshuko wa Ijumaa, mshuko wa alasiri. Na ndani yake mna mambo ambayo majina mengine hayana: ya kwamba watu hao walikuwa mahali pamoja, wakatoka pamoja, kwa saa iliyojulikana. Kule kusimama kwa chombo chenyewe bandarini, ambako Wafaransa wanakuita escale, tusikuhangaikie, maana babu zetu walikwisha kukupa jina: kituo, yaani pale wapagazi walipotua mizigo, na misafara iliyokuja kwetu kutoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora na Ujiji ilihesabiwa kwa vituo kama vile msomi anavyohesabu kurasa. Merikebu, basi, hufanya kituo. Abiria hufanya mshuko.

Lakini hoja yangu kubwa ya kulitetea neno hili haimo katika asili yake. Imo katika lile linalolazimisha kutazamwa kwanza, nako ni kushuka. Kijana achaguaye kwa ajili yake mwenyewe huanza na kitakachoonekana: nyani, kanisa kuu, ngome, mashamba ya karafuu, lakini achaguaye kwa ajili ya mama mwenye miaka sabini na magoti yanayouma hana budi kuanza na namna ya kutoka chomboni, kwa sababu kitu kizuri kilicho mbele ya ngazi isiyoshukika hakipo.

Na kushuka kwenyewe kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya gatini, ambapo chombo hufungwa kwa kamba, daraja la mbao au la chuma hutandazwa, na mzee huvuka polepole akishika ukingo. Hata mwenye kiti cha magurudumu husukumwa akavuka, ila kama maji yamepwa au kujaa sana na daraja likawa na mteremko mkali. Namna ya pili ni ya nangani, ambapo merikebu, kwa ukubwa wake au kwa ufupi wa gati, hukaa mbali na mji, na abiria huteremshwa kwa mashua. Hapo ndipo penye kazi. Mashua hupanda na kushuka kwa wimbi hali ngazi ya merikebu imetulia, au hupanda hii ikishuka ile, baharia mmoja husimama juu na mwingine chini, nao wakiwa mahodari hawamshiki abiria kiganja, maana kiganja huteleza, bali humshika mkono juu ya kifundo naye akawashika vivyo hivyo, kisha humngoja hadi mashua imefika juu kabisa, wakamwambia: "Sasa, mama!" Hatua ni moja, lakini ni hatua ambayo haikubali mtu wa kusitasita, na bahari ikichafuka baadhi ya vyombo hukataa kabisa kumteremsha asiyeweza kuikanyaga mwenyewe. Unguja, merikebu kubwa mara nyingi hutia nanga nje. Atakaye kumpeleka mzazi na aulize mapema kabisa, kabla ya kulipa: gati au nanga?

Watu wa Kabambare waliokwisha kufika ziwani kwa njia ya Fizi na Baraka, wakavuka kwenda kwa jamaa zao Wamanyema wa Ujiji, hawahitaji kuelezwa sana. Liemba, ile meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudishwa kazini mwaka 1927, ilikuwa na gati la kufungia katika bandari chache tu, kama Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Mahali pengine pengi ilisimama ziwani, usiku kwa mchana, na mitumbwi na mashua za wenyeji zikaizunguka, mizigo ikipanda na abiria wakishuka kwa mlango wa ubavuni katikati ya kelele, dagaa, magunia na watoto wa mgongoni. Bibi vizee walishuka hivyo. Hakuna aliyewaita watalii, wala hakuna aliyewapa orodha ya kuchagua, nao walijua habari ya mshuko kuliko mwandishi yeyote wa matangazo.

Katika historia yetu uko pia mfano wa mtu ambaye miguu ilimchagulia kituo. David Livingstone alifika Bambarre, kama alivyopaandika, ndipo Kabambare yetu, mwaka 1869, akiwa na shauku ya kuuona mto Lualaba. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 57, vidonda vya miguu vikamrudisha nyuma, akakaa hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, naye ameandika kwamba akiwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mto aliutia machoni baadaye, Machi 1871, kule Nyangwe. Shauku yake haikupungua siku hata moja. Kilichopungua ni nguvu ya nyayo.

Sasa tumchukue mama wa Kasongo aliyefika Unguja. Nachagua Unguja kwa makusudi, maana hakuna bandari duniani inayomhusu zaidi. Akiteremka salama, yuko karibu na Shangani, ambako ingali nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeifanya Kasongo makao makuu yake na kufia Unguja mwaka 1905. Mlango wake wa nakshi huonekana kutoka njiani, njia ni sawa, na kivuli cha majumba ya mawe hufunika kichochoro sehemu kubwa ya siku. Mbele kidogo ni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa juu ya uwanja wake. Hapo pana vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni, vyenye ngazi ya kuteremka na dari ya kumwinamisha mtu mzima, na mzee wa magoti mabovu asivishuke. Lakini ukumbusho wa watu waliofungwa minyororo uko wazi uani, na kanisani mna viti.

Mtoto aliyelelewa Ulaya aghalabu humwondolea mama yake mshuko huu akimwandikia ule wa Jozani, msitu ulio kama kilomita 35 kutoka mjini, wenye kima punju wekundu, kwa kuhofu kwamba habari za utumwa zitamtia mzee simanzi. Hofu hiyo ina upole ndani yake, ila naiona haina adabu kamili. Kasongo haina nyumba nyingi zisizoguswa na habari hizo, ama kwa upande wa waliochukua, ama kwa upande wa waliochukuliwa, na mara nyingine kwa pande zote mbili chini ya paa moja. Na mzee aliyezisikia kwa bibi yake huenda ndiye abiria pekee katika merikebu nzima ambaye Mkunazini ina neno naye. Ama kima, mama wa Maniema amekwisha kuwaona bila ya tikiti. Aulizwe yeye.

Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni mwendo wa nusu saa kwa mashua, na mara nyingi abiria huko hushukia majini, suruali zimekunjwa; sitakitaja tena. Na mwenye kitabu cha zamani cha wasafiri akumbuke kwamba Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020, asije akamwahidi mzazi ghorofa zake.

Neno mshuko lina deni la upande wa pili, nalo ni kurejea. Chombo hutangaza saa ya mwisho ya kuwa ndani, na saa hiyo hutangulia saa ya kung'oa nanga, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi. Mshuko ulionunuliwa kwa wenye merikebu una ughali wake, lakini gari likikwama njiani chombo kwa kawaida huwangoja. Aliyejipangia mwenyewe kwa teksi ya mjini hulipa kidogo, na akichelewa huachwa, ikawa juu yake kuifuata merikebu bandari ya mbele kwa nauli yake. Kwa kijana huo ni mkasa wa kusimulia. Kwa mzee ambaye dawa zake za presha zimebaki chumbani ni hatari ya kweli, kwa hiyo dawa za siku nzima na zitembee mkobani, sio kabatini. Kuna pia mtego wa saa: Unguja iko mbele ya Kasongo kwa saa moja, merikebu huweza kushika saa yake yenyewe isiyo ya mji, na ratiba yake huhesabu tangu usiku wa manane, hali dereva wa Unguja akisema saa kumi anakusudia ile ambayo ratiba imeiandika kumi na sita.

Kampuni nyingi huipanga mishuko kwa kadiri ya jitihada, nami ningeandika mshuko mwepesi, mshuko wa wastani na mshuko wa mashaka. Walakini vipimo hivyo hupimwa na wazima wa mwili, na wepesi wao mara kwa mara una saa mbili za kusimama juani mbele ya kiongozi mwenye maneno mengi, jambo ambalo humchosha mzee kuliko kutembea.

Nawaomba, basi, wafasiri na mawakala watakaoziandika orodha hizi kwa Kiswahili, wakikubali mshuko au wakichagua neno lililo bora kuliko hilo, waandike chini ya kila jina mambo manne kwa tarakimu: ngazi ni ngapi, mwendo wa miguu ni mita ngapi, choo cha kwanza kiko umbali gani, na mtu atakaa kitako baada ya dakika ngapi. Mzee akisomewa hayo barazani Kasongo, atachagua mwenyewe.