Wingwi: maiti walihesabiwa, hofu je?

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huku kwetu halina mwenyewe: kiwewe, hasa kile mtu anachokipata utotoni.

Wingwi iko kaskazini mwa Pemba, wilaya ya Micheweni. Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Polisi wakafyatua risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na kule Unguja. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikasema waliokufa ni 31. Human Rights Watch wakasema si chini ya 35. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wengi wao kwa ngalawa na mashua, watoto wakiwa wamebebwa.

Oktoba 2001 CCM na CUF wakatia saini Muafaka, wakimbizi wakarudi. Mambo ya tume, fidia na daftari la wapiga kura yakajadiliwa. Sasa nikuulize wewe msomaji: mtoto wa miaka saba aliyelala mikokoni na mama yake, yeye aliandikwa wapi?

Na 2001 haikuwa ya kwanza. Nathalie Arnold, Mmarekani aliyewasikiliza wazee wa Pemba kwa muda mrefu, ameandika kwamba kwao kilichouma zaidi si siku ya Mapinduzi ya 1964 bali yaliyofuata: bakora za hadharani, njaa, na kunyamazishwa. Wazee hao ndio waliowalea wazazi wa watoto wa 2001, na malezi yao yalikuwa na sheria moja kubwa: usiseme.

Watu wa mjini wanapenda kucheka waganga wa Pemba. Mimi sicheki. Mtu aliyeshtuka huandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa akanywa. Mwingine hupungwa pepo kwa ngoma, pepo akapanda akasema anachotaka mbele ya watu. Kwa maoni yangu hapo pana akili kubwa: mke aliyenyimwa kusema kwa kinywa chake anasema kwa kinywa cha pepo, na ukoo mzima unakaa kumsikiliza. Lakini mtoto anayekojoa kitandani kwa hofu hapigiwi ngoma. Anachapwa.

Hata wataalamu wa Magharibi wamechelewa. Jina rasmi la ugonjwa wa mtu aliyepitia balaa liliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, baada ya vita vya Vietnam.

Kinachonipa moyo kimefanyika karibu, Moshi na Bungoma. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa 2020. Waliopata tiba walikutana kwa vikundi mara 12, wakafundishwa kuutuliza mwili, kisha wakasimulia kifo kile kidogo kidogo mpaka kikasimulika. Walezi wao nao walikuwa na kikundi chao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa! Tiba ikaonyesha nafuu katika maeneo matatu kati ya manne.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja. Kwa mtu wa Wingwi hiyo ni safari ya bahari, tena akirudi ataitwa mwendawazimu. Mwalimu wa madrasa, mkunga, hata mganga mwenyewe wangeweza kufunzwa kama wale wa Moshi, tena kwa Kipemba. Muafaka mzima haukuwaza hilo.

Oktoba 2020, kuelekea siku ya kura, risasi zilisikika tena Pemba. Mama mmoja wa Wingwi, aliyekuwa na miaka saba mwaka 2001, aliniambia kwamba usiku ule aliwaingiza wanawe uvunguni mwa kitanda. Hawakumuuliza kwa nini.