Ng'ambo ya Nini? Hori Tuliyoifukia na Pwani Iliyobaki

Mkaazi wa Mpendae akienda Darajani kununua samaki husema anakwenda mjini, na mtu wa Mji Mkongwe akija kwetu husema amekwenda Ng'ambo. Maneno haya tumeyarithi bila ya kuyauliza. Ng'ambo ya nini? Na daraja la Darajani lilivuka nini, ilhali leo pale hapana maji, ila soko, barabara na magari ya abiria?

Jibu lake ni hori. Mji Mkongwe ulijengwa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Kwa upande wa mashariki bahari iliingia kutoka Funguni, ikapita nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Mara mbili kwa siku maji yalijaa, na mara mbili yalikupwa yakaacha tope tupu. Waliokaa upande wa pili wa maji hayo ndio waliokuwa ng'ambo.

Hori hiyo haikupendwa. Katika karne ya 19 iligeuzwa jaa la mji, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kuwa homa huletwa na harufu ya matope. Haikujulikana kwamba malaria hubebwa na mbu mpaka Ronald Ross alipothibitisha jambo hilo mwaka 1897. Katika karne ya 20 hori ikafukiwa kipande baada ya kipande, ukapatikana uwanja, soko na barabara. Barabara hiyo, iliyojulikana kwa jina la Creek Road, leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa.

Si haki kuwacheka waliofanya hivyo. Mji ulihitaji ardhi na usafi. Lakini katika hesabu yao tope lilikuwa si kitu, na hapo ndipo pa kuzingatia, kwa sababu hesabu hiyo bado inafanywa kila pwani ya mikoko inapotazamwa kuwa ni kiwanja kinachongoja kifusi.

Tope la pwani ni ghala. Ndani yake mna kaa, minyoo na chaza. Na katika mizizi ya mikoko hukulia samaki wadogo watakaovuliwa baadaye. Hata dari za nyumba za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko. Tena ghala hili halilishi wenyeji peke yao. Miongoni mwa vitwitwi tunaowaona wakikimbia ukingoni mwa maji kuanzia mwezi wa Septemba, wamo waliozaliwa kaskazini kabisa ya Siberia. Ndege huyo hafiki uzito wa yai kubwa la kuku, na mnamo Machi na Aprili hana budi awe amenenepa vya kutosha kwa safari ya kurudi. Yuko pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga yai moja tu, ndani ya shimo la mchanga, katika pwani za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu.

Mambo haya yameandikwa. R. H. W. Pakenham, aliyekuwa ofisa wa serikali hapa Unguja, alikusanya habari za ndege wa visiwa vyetu, na orodha yake ya ndege wa Unguja na Pemba ikachapishwa mwaka 1979. Nasi tulio katika utumishi wa serikali twaweza kuiga bidii hiyo.

Hori ya mjini haitarudi, lakini pwani nyingine zipo. Ghuba ya Chwaka ina msitu mkubwa wa mikoko, na tangu mwaka 2004 imo pamoja na Jozani katika hifadhi ya taifa, ambayo UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya baiyolojia mwaka 2016. Karibu na Jozani, upande wa Pete, iko njia ya mbao inayompitisha mgeni katikati ya mikoko bila ya kukanyaga mizizi. Ghuba ya Menai nayo ilihifadhiwa mwaka 1997.

Anayekwenda kutazama na aende kwa adabu. Kwanza aijue bahari. Siku za bamvua, karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, maji hukupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwenye kukaa kimya ukingoni kuanzia saa nane ataona ndege wakisukumwa na maji kumkaribia, bila ya yeye kuwafuata. Kuwakurupusha ili warukе ni kuwanyang'anya chakula walichokwisha kula, kwani kila mruko hutumia mafuta ya safari. Asikanyage mizizi ya mikoko wala kamba za mwani. Ampitie sheha, alipe ada inayotakiwa, na amchukue kiongozi wa kijiji hicho. Asiwapige picha akina mama wanaookota chaza bila ya idhini yao; pale ndipo kazini kwao. Na taka alizokwenda nazo arudi nazo.

Kwa hiyo natoa shauri kwa chama chetu. Mwezi wa Novemba, siku ya bamvua, tuwachukue wanafunzi wa sasa twende nao Chwaka, wahesabu ndege na kuandika katika daftari litakalowekwa skuli. Mwaka unaofuata wahesabu tena. Hori ya Darajani ilifukiwa bila ya hesabu ya namna hiyo. Siku kifusi kitakapopelekwa pwani nyingine, pawe na kijana wa skuli yetu atakayesimama na daftari lake aseme nini kinafukiwa.