Hitilafu za kuingia kwenye seva ya Linux kwa SSH

Hitilafu za kuingia kwa SSH ni matatizo yanayomzuia mtumiaji kuifikia na kuiendesha seva ya Linux akiwa mbali nayo. SSH ni itifaki iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Ufini, baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Seva nyingi za Linux hutumia programu ya OpenSSH, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti namba 22.

Ujumbe unaotokea kwenye skrini huonyesha safari imekwama wapi, hivyo ni vema kuusoma kabla ya kubadilisha chochote.

Seva isiyofikika

"Connection timed out" maana yake hakuna jibu lililorudi. Huenda anwani imekosewa, ukuta wa moto unazuia, au njia imekatika huku seva yenyewe ikiwa nzima. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, fundi aliyeko Tegeta, Kinondoni, anayetunza seva iliyoko Ulaya hana cha kutengeneza, na kuiwasha upya hakumsaidii. Seva iliyoko nchini huweza kufikiwa, kwa kuwa watoa huduma wa Tanzania hubadilishana data Dar es Salaam kupitia kituo cha TIX bila kupita baharini.

Tatizo lingine ni la mwanafunzi aliyeweka seva nyumbani, tuseme Mbagala, Temeke, kwa intaneti ya simu. Mara nyingi kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, kwa hiyo seva hiyo haiwezi kuitwa kutoka nje. Anwani hiyo ya pamoja ina kero nyingine: jirani akikosea nywila mara nyingi, programu kama Fail2ban huweza kumfungia pia asiyehusika.

Seva inayokataa

"Connection refused" huonyesha kwamba kwa kawaida mashine imefikiwa, lakini hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. "Permission denied" hutokea mwishoni kabisa, wakati wa kuthibitisha mtumiaji. Sababu inayosahaulika zaidi ni ruhusa za faili: folda ya .ssh inatakiwa kuwa na ruhusa 700 na faili la authorized_keys 600. Wengine wakiweza kuandika humo, seva huukataa ufunguo bila kumweleza mtumiaji sababu. Maelezo hubaki kwenye /var/log/auth.log katika Debian na Ubuntu nyingi, au /var/log/secure katika Red Hat; upande wa mtumiaji, amri ya ssh -v huonyesha kila hatua.

Anayebadilisha mipangilio hukagua faili kwa sshd -t, kisha huacha dirisha la zamani wazi hadi aingie kwa dirisha jipya. Akilifunga mapema, anaweza kujifungia nje.