Mashapo, Tabaka na Utuamaji: Historia Fupi ya Istilahi kwa Mtazamo wa Nyanda za Juu za Kigoma

Makala haya yanafuatilia historia ya istilahi mashapo na jamaa zake katika Kiswahili, kwa kurejelea Nyakitonto na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimeipa jina dutu yenyewe na mwamba utokanao nayo, lakini hakijatenganisha kwa uthabiti dutu, mchakato na taaluma. Pengo hilo halihusu kamusi pekee. Linagusa namna tunavyoielewa ardhi tunayoilima.

Utenganisho huo ulichelewa hata katika lugha za Ulaya. Mwaka 1669 Nicolas Steno alieleza kwamba, pale ambapo matabaka hayajapinduliwa, la chini ndilo kongwe. Zilipita zaidi ya karne mbili na nusu kabla ya Hakon Wadell, mwaka 1932, kupendekeza jina sedimentolojia kwa taaluma, ili isichanganywe na tendo lenyewe la chembe kutuama. Mzizi wa neno hilo ni kitenzi cha Kilatini sedere, yaani 'kukaa'.

Taswira ya Kiswahili ni tofauti. Katika matumizi ya kawaida, mashapo ni masalio: ya kahawa chini ya kikombe, ya pombe chini ya mtungi. Neno limebeba tathmini, kwani kilichofaa kimekwisha kunywewa. Jiolojia imeipindua tathmini hiyo: kwayo, kilichobaki ndicho chenye thamani, maana ndicho kinachohifadhi habari za mito, maziwa na tabianchi za kale. Upanuzi huu wa maana ni mbinu halali ya uundaji wa istilahi, ila mwalimu anapaswa kuueleza, la sivyo mwanafunzi huendelea kusikia 'takataka'.

Pengine ndiyo sababu miamba tabaka imeshindana na miamba mashapo katika vitabu vya jiografia. Hata hivyo, istilahi hizo mbili hazilingani. Ya kwanza huelezea umbo. Ya pili, asili. Lava nayo huweza kulala tabaka juu ya tabaka bila kuwa mashapo, na yapo mashapo yasiyoonyesha tabaka. Kwa kigezo cha usahihi, miamba mashapo inastahili kupewa kipaumbele.

Nyanda za juu za Kigoma zinaonyesha uzito wa suala hili. Wanajiolojia wa enzi ya ukoloni waliiweka sehemu kubwa ya miamba yake katika Mfumo wa Bukoba, jina la mji ulio mbali kaskazini likawa jina la zama. Ni miamba ya mchanga, ya matope yaliyogandamana na ya chokaa, iliyotuama mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya kuwapo Ziwa Tanganyika. Miamba hiyo inapochakaa, chembe zake huanza safari upya.

Chembe hizo wenyeji walizitambua kabla ya maabara. Katika Kirundi, lugha ndugu ya Kiha, ibumba ni udongo wa kufinyangia, na shina lake ni jamaa ya kitenzi cha Kiswahili -umba. Kiswahili nacho kina changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Majina haya hutegemea mguso na matumizi. Kipimo cha Chester Wentworth cha mwaka 1922 hutegemea ukubwa: mchanga huanzia milimita 2 hadi 0.0625, na udongo wa mfinyanzi ni chini ya takriban milimita 0.004. Kundi lililo katikati halina jina moja lililozoeleka katika Kiswahili, ingawa ni sehemu kubwa ya uchafu tunaouona mto unapofurika.

Mto Malagarasi hupita kati ya Kasulu na Kibondo, huingia katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyokuwa ya kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, kisha hugeukia magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Mkondo unapopungua kasi, sehemu ya mzigo wake hutuama. Lugha yetu ya hifadhi, tangu kampeni za kikoloni za matuta hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, imelikuza neno mmomonyoko. Neno hilo hutaja udongo unapoondoka, halisemi unapofikia. Mkulima wa mlimani na mvuvi wa bondeni wanabaki na masimulizi mawili yasiyokutana, ilhali mchakato ni mmoja.

Kwa kuhitimisha, makala yanapendekeza mashapo kwa dutu, utuamaji kwa mchakato, kutokana na kitenzi -tuama ambacho tayari husemwa kuhusu maji, na elimumashapo kwa taaluma, sambamba na sedimentolojia iliyotoholewa. Jina la chembe za kati litafutwe kwanza miongoni mwa wafinyanzi, wavuvi na wakulima wa maeneo kama Nyakitonto, kabla ya kuundwa mezani.