Kitabu Kisomwacho Pamoja

Ukitoka Likoni kwenda Ukunda, msomaji, utafika Kombani, mahali barabara ya Kwale inapoachana na barabara kuu. Katika nchi hiyo ya Wadigo neno darsa halihitaji kuelezwa: watu huketi pamoja, kitabu husomwa, mwalimu hufasiri. Wayahudi nao wana desturi iliyo jirani ya hiyo. Husoma wawili wawili, na usomaji huo huitwa havruta, neno la Kiaramu lenye maana ya usuhuba. Mmoja husoma, mwenziwe huuliza. Na kuuliza si utovu wa adabu, bali ni sehemu ya ibada.

Wadhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu? Tazama Mbale, mashariki mwa Uganda. Huko aliishi Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi, kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia kwa makini mpaka akaazimu kuzishika sheria za Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi. Hapana rabi aliyetumwa kuwaita. Waliingia kwa mlango wa kitabu.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini jamaa yake haikufa naye. Jaribu kubwa lilikuja baada ya mwaka 1971, Idi Amin alipotwaa serikali. Dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha kwa hofu. Wachache walisali kwa siri. Amin alipoangushwa mwaka 1979 palisalia watu haba. Ndipo vijana wachache walipokusanyika katika kilima cha Nabugoye, wakasoma, wakafundishana, wakawarudisha wenzao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alifanywa rabi mwaka 2008. Katika sinagogi lao wanawake nao huisoma Taurati mbele ya watu.

Fikiri, basi, ni kitu gani kilichowahifadhi. Hawakuwa na mali wala askari. Amri ya mtawala yaweza kufunga mlango wa nyumba ya sala, lakini haiwezi kuyatoa moyoni maneno ambayo watu wamekwisha kuyasoma na kuyahoji pamoja. Asomaye peke yake, kosa lake halina wa kulisahihisha. Asomaye na mwenziwe hupata macho manne. Leo jioni ufunguapo kitabu chako, mwite mwenzako, umwachie naye nafasi ya kuuliza.