Picha za Wanyama, Sehemu ya 3: Mpiga picha ndani ya ng'ombe

Wengi mmerudi mbugani na watoto mkaniuliza: mbona simba wangu yuko katikati kama picha ya pasipoti, na hapendezi? Msijali, hata waliotutangulia walianzia hapohapo.

George Shiras, Mmarekani, aliacha kuwinda kwa bunduki akashika kamera. Usiku kwenye misitu ya Michigan alitega uzi. Kulungu akiugusa, unga wa magnesiamu unawaka pwaa! Kamera imenasa. Julai 1906 jarida la National Geographic lilitoa picha zake 74, watu wakashangaa mno.

Huku kwetu, maeneo ya Kilimanjaro, Mjerumani Carl Georg Schillings naye alitega hivyohivyo miaka ya mwanzo ya 1900. Ila ili simba asogee, alifunga punda au ng'ombe hai. Simba akiruka, picha imepatikana, na punda ndiyo basi tena. Kitabu chake cha 1905 kilivuma Ulaya. Mimi nikiziona picha zile, macho yangu yanaenda kwa punda.

Sasa fikiria mpangilio wake. Kamera imeelekezwa kwenye chambo, mnyama anakuja palepale, nyuma giza tupu. Aliyepanga picha ni uzi.

Ndugu wawili wa Yorkshire, Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walikwenda njia nyingine. Richard alikuwa anachechemea, maana utotoni alianguka akitafuta viota, nyonga ikaumia. (Mtoto akianguka asikanyage mguu, jamani, msichue. Mleteni hospitali.) Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu kizima cha viota. Lakini ndege wanakimbia watu. Basi wakachukua ngozi ya ng'ombe, wakaisimamisha kama ng'ombe mzima, tumbo wazi. Mpiga picha anaingia humo na kamera yake, lenzi inachungulia tunduni, anasubiri. Joto lake sijui niseme nini!

Ndani ya ng'ombe yule ndipo mtu alipopata nafasi ya kuchagua: nisimame wapi, nyuma yake kuwe na nini, nibonyeze akigeukia wapi. Hicho ndicho simu yako inakosa ukibonyeza harakaharaka.

Kwanza shuka. Kliniki, mtoto anayeogopa sindano ukimsimamia juu unaona utosi tu. Ukichuchumaa unaona macho. Kuku wako wa uani ni hivyohivyo, na ndiye wa kuanza naye. Kama anatazama kushoto, mwachie nafasi kubwa upande huo, asionekane kagonga ukuta. Angalia na nyuma: ndoo nyekundu au kamba ya nguo ikitokea kichwani kwake, wewe ndiye wa kusogea hatua moja, kuku mwache alivyo.

Mbugani, iwe Mikumi au Nairobi, huwezi kuchuchumaa nje, na usijaribu. Gari lenyewe ndilo ng'ombe wenu. Zimeni injini, shusha simu mpaka ukingo wa chini wa dirisha, kaeni kimya. Watoto wakichoka kusubiri wape kazi ya kusema mnyama anatazama wapi, wanaipenda hiyo.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kumrushia nyani ndizi ili asogee upate picha ni mtego wa Schillings uleule, ila safari hii chambo ni mkono wa mwanao. Jeraha la kung'atwa na nyani lina mambo mengi: kidonda chenyewe, pepopunda, kichaa cha mbwa. Likitokea, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Sehemu ya 4 nitawaletea Cherry, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 akapiga filamu. Picha za kuku nazisubiri hapo chini.