Mchezo wa herufi uliozaliwa na mtu aliyepoteza kazi

Vijana wetu wanaojifunza Kiingereza wanapenda sana kwenye simu michezo ya kutafuta maneno: unapewa herufi, unaambiwa tafuta neno lenye Q ao Z. Wengi wanauliza michezo hiyo ilianzia wapi. Mkubwa wao unaitwa Scrabble, na historia yake inatugusa sisi tunaojua maana ya kupoteza kila kitu.

Alfred Butts alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba huko New York. Mwaka wa 1931, uchumi wa Marekani ulipoanguka, akapoteza kazi. Akaanza kufikiria mchezo. Alichukua magazeti, akahesabu moja kwa moja kila herufi inatokea mara ngapi. Aliona E inatokea kupita zote, Q na Z ni za shida. Ndiyo sababu hadi leo, kati ya vibao 100 vya Kiingereza, E ziko 12 na kila moja ina alama 1, lakini Q iko moja tu, ina alama 10. S aliweka 4 tu, maana Kiingereza kinatengeneza wingi kwa S na mchezo ungekuwa rahisi mno.

Makampuni yalimkatalia. Kwa miaka mingi alitengeneza vibao kwa mikono yake. Mwaka wa 1948 James Brunot akachukua mchezo, akaupa jina Scrabble, na kumlipa Butts kidogo kwa kila seti iliyouzwa. Mwaka wa 1949 alitengeneza seti 2,400 na akapata hasara ya dola 450. Ilipofika 1952, watu wakaanza kuugombania.

Sasa, kwa wenye kushikwa na Q bila U: msiogope. Kiingereza kinakubali FAQIR, QADI na QIBLA. Yametoka kwa Kiarabu, na sisi tunayajua: fakiri, kadhi, kibla. Hata SAFARI, BWANA na UHURU yanakubaliwa, na hayo yalipita kwa Kiswahili chetu.

Wala usiseme Kiingereza si lugha ya mama yako. Mwaka wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Kifaransa bila kujua kuongea Kifaransa. Alikariri maneno tu.

Kila lugha ina hesabu yake. Kwa seti ya Kifaransa, K ina alama 10 kwa sababu ni adimu. Kwa Kiswahili K ingekuwa ya bei rahisi: kwa, kama, kila, kuku, kaka. A zingejaa meza, na Q na X hazina kazi.

Kwa hiyo mzazi uliye kambini na watoto wasiokwenda shuleni, chukua katoni kuukuu na kalamu. Waambie watoto wahesabu herufi za ukurasa mmoja wa kitabu chochote, Kiswahili ao Kifaransa, kisha wakate vibao na kugawa alama. Butts alianza hivyohivyo, bila kazi, na gazeti mkononi.